Mtu wa HGL na mtihani wa udaktari Marekani

Kwenye grupu la familia kuna kauli imekuwa kibwagizo: Marekani hata aliyesoma historia anakuwa daktari. Wanaitoa kunitia moyo mimi, mtu wa HGL (kombi ya historia, jiografia na Kiingereza), mwalimu wa historia niliyeshinda bahati nasibu ya viza na sasa nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Columbus, Ohio. Ni kweli, ila wanaishia katikati ya habari.

Kwetu Tanzania mambo huamuliwa mapema. Ukitoka kidato cha sita bila PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, huingii MD, digrii ya udaktari, iwe Muhimbili, KCMC au Bugando, na PCB unaichagua ukiwa na miaka 16 au 17. Mimi sikuichagua kwa sababu shule yetu ya kata ilikosa mwalimu wa fizikia tangu niko kidato cha pili. Maabara ilikuwepo, imepigwa kufuli. Ukichungulia dirishani unaona bureti nne, mirija ya kioo ya kudondoshea dawa tone kwa tone, juu ya kabati, zimeviringishiwa gazeti, zinamsubiri mgeni rasmi. Kemia nikapata D, nikapangiwa HGL, nikaenda.

Huku udaktari unasomwa baada ya digrii ya kwanza, na digrii yenyewe iwe ya chochote. Mtihani wa kuingilia unaitwa MCAT, na wakati wa kujisajili hakuna anayekuuliza kama umewahi kusoma fizikia. Unalipa zaidi ya dola 300, siku ikifika unaonyesha kitambulisho, unakaa. Maswali 230, na ukijumlisha mapumziko ni saa saba na nusu. Alama ya chini kabisa ni 472, ya juu 528. Yaani hata ukilala mezani unaamka na 472 zako. Mimi nilijisomea miezi minne, kadi za asidi amino mfukoni, nazipitia wazee wakishalala. Jaribio la kwanza nikapata 484. Miezi minne, alama 12 juu ya mtu aliyelala!

Kilichonibeba ni sehemu ya ufahamu: unapewa vifungu vya falsafa, sanaa na historia, sayansi hakuna humo. Hapo HGL ililipa. Kikokotoo nacho hakiruhusiwi, na sisi tuliofanya hesabu kwa kitabu cha logi hilo halitutishi. Kwenye fizikia na kemia nilikuwa nakariri tu, na swali likigeuzwa kidogo nimepotea.

Halafu kile ambacho MCAT haiulizi, vyuo vinakiuliza. Vingi vinataka baiolojia, kemia, kemia ya oganiki na fizikia, kila somo mihula miwili, pamoja na maabara, na vingi vinataka uwe umezisomea Marekani au Kanada. Digrii yangu ya nyumbani hapo haisaidii. Oganiki huruhusiwi kuigusa kabla ya kemia ya kwanza, kwa hiyo kwa mtu wa kazi ni miaka miwili ya jioni, ukienda vizuri. Kisha miaka 4 ya udaktari, ambayo mara nyingi inapita dola 200,000, kisha mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka 3. Nina miaka 34, pigeni hesabu wenyewe. Mwenzangu wa PCB nyumbani alisoma miaka 5 kwa mkopo wa bodi, akafanya intanshipu mwaka mmoja, na leo ana wodi yake.

Kwa hiyo simo kwenye kundi la wanaosema mfumo wetu ni wa kijinga. Unatoa daktari mapema na kwa bei ndogo. Ugomvi wangu nao ni kumtaka mtoto achague kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa. Mtaniambia kuna kurudia mtihani kama PC, mtahiniwa wa kujitegemea. Ipo, lakini huyo PC maabara anaipata wapi?

Huku nimeipata, chuo cha bei nafuu cha mtaani, saa moja jioni, meza moja na vijana wa miaka 19. Wiki ya tatu nikashika bureti kwa mara ya kwanza maishani. Mkono ukatetemeka, tone likazidi, maji yakawa mekundu ya kukoza badala ya pinki hafifu. Nikaduwaa, nikidhani nimeharibu dawa ya darasa zima. Mwalimu akaniambia mwaga, anza tena, chupa ile pale. Nikarudia mara tano.

Hicho ndicho ningekihamishia nyumbani kabla ya mengine yote: maabara ya jioni kwa mtu mzima mwenye kazi, ada ya kulipika. MCAT wabaki nayo.

Juzi mpwa wangu, yuko kidato cha nne, kanitumia ujumbe: "Mjomba shikamoo. Tunajaza selform za kidato cha tano, niweke kombi gani?" Nikamuuliza kwanza kama wana mwalimu wa fizikia. Akajibu yupo mmoja, wa kujitolea, ila wiki hii yuko Dodoma kwenye usaili.