Magugu yana dawa kweli, ila kipimo nani anakijua?

Ukitoka kichakani na vile vijimbegu vyeusi vimeng'ang'ania suruali, hiyo ni kishona nguo, wengi tunaing'oa na kuitupa, lakini wazee waliponda majani yake wakabandika kwenye jeraha bichi. Kuna wanaosema huo ni ushamba tu, na kuna wanaosema dawa ya asili haina madhara. Mi naona wote wanakosea, ila hawa wa pili ndo wananitisha zaidi.

Wazee kwanza wapewe haki yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alikuwa anasaka dawa ya malaria kwenye mmea wa jamii ya pakanga, matokeo yanayumba tu, mpaka akakuta maandishi ya tiba ya karne ya 4 yanasema loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha! Akahisi kumbe moto ndo unaharibu dawa, akabadili njia, ikapatikana artemisinini, na 2015 akapata Nobeli.

Lakini pakanga hiyo hiyo ukiifanya chai nyumbani ya kutibu malaria, Shirika la Afya Duniani (WHO) hawashauri kabisa, maana nguvu yake inatofautiana kila mmea, na ikiwa ndogo vimelea havifi vyote, vinavyobaki vinaweza kuzoea dawa, halafu hapo hujaumia peke yako.

Mnanaha ndo usiseme. Lile gugu lenye ua refu kama tarumbeta na tunda la miiba, watu walivuta moshi wa majani yake wakibanwa na pumu na kifua kilifunguka kweli, kwa sababu lina atropini inayolegeza njia za hewa. Sasa atropini hiyo hiyo ikizidi mdomo unakauka, mboni zinatanuka, moyo unakimbia, mtu anaongea na watu ambao hawapo, na wapo waliokufa. Utapimaje kwa kiganja?

Hata kishona nguo, maabarani imeonekana kuzuia baadhi ya bakteria, ila jeraha la mtu sio kisahani cha maabara, jani lenye udongo linaweza kukuletea pepopunda. Na majani ya kando ya barabara kuu au yaliyopigwa dawa ya magugu achana nayo.

Mi ningependa tuwaulize wazee vizuri na tuandike: jani au mzizi, bichi au kavu, limechemshwa au limelowekwa. Ile artemisinini ilitokana na kasentensi kamoja tu kama hako.