Mpwani wa kwenye Televisheni

Katika vichekesho vingi vya televisheni nchini Kenya, mpwani hutambulika kabla hajafungua kinywa. Amejifunga kikoi, kajilaza kivulini, na akiitwa kazini anajibu kwa sauti ya kuvuta, "Haraka ya nini, yakhe?" Makabila mengine nayo yana sifa zao za kubandikwa: Mkikuyu na pesa, Mkamba na uchawi, Mjaluo na majivuno. Mzaha huu wa uvivu unanikera zaidi kwa sababu haukubaki jukwaani. Kijana wa Kwale akienda kutafuta kazi Nairobi, lafudhi yake humtangulia.

Wanaovitetea vichekesho hivi wana hoja nzito. Kutaniana ni mila yetu, na kicheko kimewahi kutuunganisha. Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu, na alipofariki mwaka 2015 alililiwa na mashabiki wa kila kabila. Anayedai kwamba kuiga lafudhi ya jirani ni chuki itambidi kwanza atueleze habari ya Ojwang.

Lakini Ojwang alikuwa mhusika kamili. Alikuwa na mke wa kugombana naye, na kipindi kilimzunguka yeye. Mpwani huingia dakika mbili, akachekwa, akatoka. Utani nao una sharti lake: ukinitania, nami nikutanie. Mizaha hii huandikwa Nairobi na kurushwa kutoka Nairobi, na anayetaniwa hapewi zamu. Hata lugha yake hapewi sawasawa: Mbajuni, Mdigo na Mgiriama wote huvishwa lafudhi moja, wakati mtu wa Lamu husema "mato" na "kuya" pale wa bara anaposema "macho" na "kuja".

Tuhuma yenyewe ni ya zamani. Utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, wenye mashamba makubwa na maafisa wa kikoloni walitaka vibarua wa bei rahisi. Aliyekuwa na kiunga cha kulima na minazi ya kugema hakuona sababu ya kwenda kibarua, na aliyekataa akaitwa mvivu. Wagiriama waliposukumwa kutoa kodi na vijana wa kazi, walipinga, na mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alikuwa mstari wa mbele. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 nayo iliwaacha wengi bila hati ya ardhi waliyoiishi, na hadi leo Kilifi na Kwale zina maskwota. Mzaha wa uvivu unampa mtazamaji jibu rahisi la kwa nini Pwani ni maskini, asiulize ardhi iliendaje.

Mgeni anayemkuta mvuvi amelala chini ya mti wa mkungu saa nne asubuhi hajaona uongo. Ameona nusu ya siku. Mtu huyo alitoka baharini alfajiri, samaki wameshanadiwa. Upepo wa kusi ukivuma, chombo kidogo hakivuki mwamba, basi siku hizo watu hukaa kufuma nyavu. Na mama anayeuza mahamri barabarani alikanda unga kwa tui na iliki usiku, nyumba nzima imelala.

Sitetei kila kitu. Vijana wengi vijiweni hawana kazi, na muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa, imewamaliza baadhi yao, hadi mwaka 2024 gavana wa Mombasa akaipiga marufuku. Mchekeshaji ana haki ya kuligusa hilo, na akilijua vizuri atauma zaidi. Sheria ya uwiano wa kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya damu kumwagika kwa sababu ya uchaguzi, inalenga uchochezi wa chuki. Sitaki itumike kufunga midomo ya wachekeshaji. Ninachodai kwa vituo vya televisheni ni kalamu: waandishi kutoka Malindi, Msambweni na Faza wanaolipwa kuandika kipindi chenyewe, si kuitwa siku ya kurekodi ili wafundishe lafudhi. Wakitaka kumwandika mpwani mvivu, wamwandike, mradi jirani yake mwenye duka na binti yake mwalimu nao wawemo.