Mei Mosi: maandamano yabaki, uhodari wa zamu uondoke

Mei Mosi ikikaribia, mjadala katika ofisi nyingi za umma hapa Arusha huanzia kwenye fulana: nani analipia, rangi gani, saizi zimetosha? Wapo watumishi wanaosema fedha hizo, na za mafuta na posho, zingepunguza malimbikizo ya waliopanda daraja wakaendelea na mshahara wa zamani. Hoja hiyo si ya kubeza.

Lakini ni siku gani nyingine risala ya wafanyakazi husomwa hadharani, kikokotoo cha mafao ya kustaafu na kodi ya mshahara vikatajwa mbele ya mkubwa wa nchi? Mwaka 2024 kilele cha kitaifa kilikuwa hapa, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mgeni rasmi akiwa Makamu wa Rais, Dkt. Philip Mpango. Mwaka uliofuata, Singida, Rais Samia akatangaza kima cha chini serikalini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Sisemi mabango ndiyo yaliyoleta nyongeza. 2025 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na tunajuana. Ila ahadi iliyosikiwa na uwanja mzima ni ngumu kuimeza.

Hapo hapo pana kasoro. Sheria ya majadiliano katika utumishi wa umma ipo tangu 2003, lakini tumezoea kusubiri hotuba. Nyongeza inapigiwa vigelegele kama zawadi ya harusi, wakati ilipaswa kuwa matokeo ya kikao.

Kinachonikera zaidi ni tuzo ya Mei Mosi ya mfanyakazi hodari. Kwenye idara nyingine jina hupatikana kwa zamu: mwaka jana masijala, mwaka huu uhasibu, mwakani dereva. Watetezi wa utaratibu huo wanasema zamu huzuia upendeleo wa mabosi, na kweli huuzuia. Lakini muuguzi aliyeingia zamu ya usiku tarehe 30 Aprili na kutoka asubuhi wenzake wakipanga mistari hana hata anayemtaja. Halafu kuna hundi ya mfano, ile kubwa ya kupigia picha, ambayo fedha zake mshindi anaweza kuzifuatilia hadi Wiki ya Utumishi wa Umma, Juni 16 hadi 23, wakati yeye mwenyewe yuko bandani anasikiliza kero za wananchi.

Fulana zinunuliwe. Ila mshindi asitangazwe kabla fedha yake haijaingia benki, na cheti kitaje alichofanya.