Sikwenda Tropea Kuuza Miwani

Kabla sijafungua kinywa, mama aliyelala chini ya mwavuli alishanipungia mkono niondoke. "No, grazie," yaani hapana, asante. Mikononi nilikuwa na taulo na chupa ya maji, basi. Nilitaka kumwuliza njia ya kupandia kanisani, na ningemwuliza kwa Kitaliano, tena kile cha Malindi, tulichookota mitaani kwa Wataliano wenyewe tungali shule ya msingi.

Hasira hiyo ninayo tangu Julai. Na kwa kuwa kila mtu ananiandikia "hebu tuonyeshe Tropea", ule mji wa pwani kusini mwa Italia, haya, someni kwanza.

Mji ni mzuri. Nakubali kwa shingo upande. Umekaa juu ya jabali, na nyumba za ukingoni zimebanana hata hujui ukuta unaanzia wapi na mwamba unaishia wapi. Unatembea Corso Vittorio Emanuele, pilipili na mashada ya vitunguu vyekundu vimening'inia milangoni mwa maduka, mara mtaa unakatika: mbele yako kizuizi cha chuma, chini kabisa bahari. Rangi ya maji yale, watu wa Watamu, majirani zetu wa Malindi, watanielewa. Pembeni kuna kanisa la Santa Maria dell'Isola, limejitenga juu ya mwamba wake. Hewa ikitakata, jioni unaiona Stromboli, ile volkano, imejitokeza baharini. Mwaka 2021 Tropea ilishinda shindano la televisheni ya taifa la kuchagua kijiji kizuri kuliko vyote Italia, na hawakuachi usahau.

Kilichonisimamisha zaidi ni mabomu mawili kwenye mlango wa kanisa kuu. Yaliangushwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yakagoma kulipuka. Wenyeji wanasema Bikira Maria ndiye aliyewakinga.

Chakula? Ukiwa Mwislamu, uliza kabla ya kila tonge, maana Calabria, jimbo lenye Tropea, wana soseji laini ya nguruwe yenye pilipili, 'nduja, na wanaipaka hadi mahali usipoitarajia. Aiskrimu ya kitunguu ipo kweli. Onja mara moja, inatosha.

Sasa turudi mchangani. Mtu ataniambia: we nawe, mama wa watu amechoka, wachuuzi wanampitia kila dakika tano. Sawa, wanampitia. Niliwaona. Kijana mmoja kutoka Senegal alikuwa na ubao wa miwani begani, mikufu mkono mmoja, kofia zimepandana kichwani, jasho linamtiririka mpaka kwenye kope. Na uchuuzi si aibu. Ami yangu aliuza vinyago ufuoni Malindi na karo yetu ikalipwa. Mimi sikukasirika kwa kudhaniwa mchuuzi. Nilikasirika kwa sababu mchuuzi hasalimiwi. Yule kijana alianza na "buongiorno" kwa kila mwavuli, na kila mwavuli ukamjibu kwa kiganja. Watu wale wale! Mtaliano huyo akija kwetu, mtoto wa miaka saba anamjulisha hali kwa lugha yake, anamwuliza Juventus ilifanyaje, anamwonyesha duka la dawa. Zaidi ya miaka arobaini wamejenga kwetu, wamefungua pizzeria, wamezeeka kwetu, wengine wamezikwa kwetu. Mimi nimepata dakika ngapi za kuwa mgeni kwao? Sekunde mbili hazikutimia.

Na mtu asiniambie ni jambo dogo la ufuoni. Panda treni inayofuata pwani kwenda kusini, ufike Rosarno. Huko ndiko Waafrika wanakochuma machungwa, na huko ndiko Januari 2010 walikopigwa risasi za bunduki za upepo, wakaandamana kwa ghadhabu, kisha zaidi ya elfu moja wakaondolewa mjini huku wakazi wakiwawinda barabarani. Juni 2018, San Calogero, mkoa ule ule wa Tropea, Soumaila Sacko wa Mali, mtetezi wa vibarua wenzake, aliuawa kwa risasi akiokota mabati kwenye kiwanda kilichoachwa. Mabati ya kujengea kibanda! Kwenye vijitabu vya watalii utasoma kila kitu kuhusu kitunguu. Habari hizi hazimo.

Haya, niwe mwadilifu. Muuza mboga mmoja, mzee, aliposikia Malindi aliacha mizani akanishika mkono kwa mikono miwili. Aliwahi kuja Watamu. Akanitolea Kiswahili chake chote, yaani "jambo" na "pole pole", akakataa pesa ya pichi. Nilimpenda yule mzee. Lakini mbona ilibidi kwanza nitaje pwani aliyotalii ndipo nionekane mtu?

Viza siisemi sana. Tangu 2024 Mtaliano anayekuja Kenya hahitaji hata viza, anajaza fomu mtandaoni akiwa kitandani. Mimi nilipeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri na tiketi ya kurudi, nikabaki kungoja kama mshtakiwa.

Mnaotaka kwenda, nendeni. Julai na Agosti hapana, jaribuni Septemba. Vitanda na miavuli ni vya kukodi, lakini ufuo ni mali ya taifa na wenye vitanda wana kibali tu, kwa hiyo tafuta sehemu ya bure, tandika leso yako, ukae.

Na nyie wenye hoteli hapa Malindi mliokwisha kuanza kunipa pole, ngojeni kidogo. Jumapili iliyopita nilikuwa napita mchangani na wanangu, nyuma ya hoteli moja nisiyoitaja. Askari akatupigia filimbi: "Nyinyi, mnaenda wapi?" Mbele yetu walikuwa wamepita Wataliano wanne. Hao hakuwauliza kitu.