Magavana wa Hospitali England: Wafutwe au Wapewe Meno?

Mpango wa afya wa miaka 10 uliotangazwa na serikali ya Uingereza Julai 2025 unakusudia kuondoa sharti la kuwa na baraza la magavana, yaani wawakilishi wanaoisimamia bodi ya hospitali, katika hospitali za NHS (huduma ya afya ya umma) zilizopewa mamlaka ya kujiendesha. Mabaraza hayo yapo tangu 2004. Zaidi ya nusu ya wajumbe huchaguliwa kwa kura na wananchi waliojiandikisha uanachama. Wengine huchaguliwa na wafanyakazi au kuteuliwa na taasisi kama halmashauri. Hawalipwi mshahara.

Wanaotaka yafutwe wana hoja nzito. Wapiga kura hujitokeza wachache, na viti vingine mgombea hupita bila kupingwa. Kisha kuna kikao chenyewe. Mwalimu mstaafu anakabidhiwa kabrasha nene siku chache kabla, limeandaliwa na menejimenti ileile ambayo mambo yake yanajadiliwa. Akiuliza kwa nini wagonjwa wanalala kwenye korido, anaoneshwa grafu.

Hapo hospitali ya mji wa Stafford, England, hutajwa sana. Hospitali hiyo ilipata hadhi ya kujiendesha 2008, huku wodini wagonjwa wakikosa hata maji ya kunywa. Waliolivalia njuga jambo hilo ni jamaa za wagonjwa, si baraza. Ni kweli. Lakini wataalamu wa bodi na wasimamizi wa kitaifa walioipa hadhi hiyo nao hawakuliona, au waliliona wakanyamaza. Ripoti ya 2013 ya Robert Francis, mwanasheria aliyeongoza uchunguzi wa kashfa hiyo, haikutaka magavana waondolewe. Ilitaka wafunzwe na wawajibike zaidi.

Kinachonitia wasiwasi ni mamlaka yatakayoondoka nao. Kisheria ndio wanaomteua na kumwondoa mwenyekiti wa bodi, pamoja na wakurugenzi wasio watendaji. Ndio wanaomteua mkaguzi wa hesabu. Hospitali haiwezi kuunganishwa na nyingine bila zaidi ya nusu ya magavana wote kukubali. Serikali inaahidi njia nyingine za kusikiliza wagonjwa na wafanyakazi, nami nakubali kwamba dodoso litafikia watu wengi kuliko baraza lolote. Ila dodoso halimng'oi mwenyekiti.

Mimi ningewapa kwanza katibu wao wenyewe, asiyeajiriwa na menejimenti, mwenye haki ya kudai takwimu za malalamiko na vifo moja kwa moja kutoka wodini. Wakishindwa hata hapo, wafutwe.