Hongera, Hatimaye

Ni neno moja tu, lakini lilinipandisha hasira mpaka nikailaza simu kifudifudi mezani: "hatimaye."

Nilikuwa nimewaandikia wenzangu niliosoma nao kwamba nimefaulu mtihani wa leseni ya udaktari wa meno. Sehemu ya vitendo, jaribio la nne. Zikamiminika pongezi, makofi, vikaragosi vinavyocheza. Kisha mmoja wetu, aliyepita mara ya kwanza na hajaturuhusu kulisahau hilo, akaandika: "Hongera, hatimaye!" Mwingine akadakia kwamba yeye kinywa chake hampi mtu aliyefeli mara tatu. Akaweka na vicheko vitatu, nadhani kimoja kwa kila jaribio.

Nikacheka nao. Halafu nikakesha namjibu kichwani huyo wa pili. Haya ndiyo majibu yenyewe, mnisamehe kwa urefu.

Kwanza nimpe haki yake, japo kwa shingo upande. Mtihani lazima uwepo. Enameli, lile gamba gumu la nje la jino, ikishakatwa haioti tena, kwa sababu seli zilizoijenga hupotea jino likishachomoza. Anayeshika drili anafanya jambo lisilofutika, na sitaki mimi wala mama yangu tukalie kiti cha mtu ambaye hakuna aliyewahi kumpima. Hapo tumeelewana.

Na nikiri zaidi: mara ya kwanza nilistahili kufeli. Jino lilikuwa 36, gego la kwanza la chini kushoto, ndani ya kichwa cha plastiki chenye mashavu ya mpira. Kazi yenyewe ilikuwa kuchonga tundu upande unaogusana na 35, jino lililo mbele yake, kana kwamba jino limeoza pale katikati. Ukifika mwisho, kinachobaki kati ya drili yako na jino la jirani ni ukuta mwembamba kama ukucha. Unauacha makusudi, kisha unaubanjua taratibu kwa kifaa cha mkono. Kabla ya hapo, mwenye akili huchomeka ukanda wa chuma kumkinga jirani. Mimi nilikuwa nakimbizana na saa, ukanda nikauacha kwenye trei. Drili ikapenya, ikamlamba jirani. Mkwaruzo wenyewe haukuzidi punje ya mtama. Niliusugua kwa kidole chenye glovu, kama mtoto anayefuta wino kwenye daftari akijua kabisa kwamba haufutiki. Kumjeruhi jirani asiye na kosa ni kufeli papo hapo, hata kama kazi nyingine yote umeifanya kwa ustadi. Barua ilipokuja sikuwa na la kumuuliza mtu.

Ile ya pili ndiyo iliyoniuma. Niliweka ukanda, nikamaliza dakika kumi kabla ya muda, nikatoka nikiwa mwepesi. Safari hiyo jino lililoniponza lilikuwa la kuchongewa taji, yaani kofia ya kulifunika jino. Barua ikaja na mistari mitano: jina langu, namba ya mtihani, tarehe, alama 69, na neno HAJAFAULU kwa herufi kubwa, kana kwamba ndogo nisingeziona. Kupita ni 75. Basi. Bodi iliyonitahini siitaji kwa jina, maana wino wa leseni yangu bado mbichi.

Unafanya nini na 69? Nilifanya ambacho kila mtu angefanya, nikaongeza mazoezi. Nilinunua meno ya plastiki kwa boksi. Nikirudi kazini, ambako nilikuwa msaidizi wa kumvutia mwingine mate na kumkorogea dawa ya kuzibia, nilikaa usiku nikichonga taji baada ya taji mpaka vumbi jeupe likanasa kwenye nyusi na kidole cha kati kikaota sugu. Miezi saba. Nikarudi kwenye mtihani. Alama: 70.

Nimepanda moja. Kwa mwendo huo ningefaulu kwenye jaribio la nane.

Hapa ndipo penye hoja yangu, na msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Mtu aliyefeli bila kuambiwa kosa hafanyi mazoezi ya kufaulu. Anafanya mazoezi ya kosa lake. Miezi ile saba sikuwa nimelala. Nilikuwa nalikariri kosa langu usiku baada ya usiku, nikilinoa, nikilipa sugu, nikilifanya liwe la haraka na la kuaminika. Kama kungekuwa na mtihani wa kosa lile, ningekuwa mwanafunzi bora. Na wakati wote huo taarifa ya kunisaidia ilikuwepo! Mtahini hatoi 69 hewani. Ana karatasi ya vigezo mbele yake: kina, upana, kuta, kingo, majirani, usafi. Kila kimoja amekitia alama kwa kalamu yake. Kuna mtu aliyelishika jino langu, akaligeuza kwenye mwanga, akaona shida iko wapi, akaiandika, kisha mtu mwingine akaijumlisha ikawa tarakimu mbili na karatasi ikafungiwa kabatini.

Niliomba ufafanuzi. Jibu likaja kwamba alama zimehesabiwa upya na jumla ni sahihi. Sikuwa nimeuliza hesabu.

Sasa geuza meza. Mgonjwa amekuja anashika shavu, hajalala siku mbili. Namchunguza, napiga picha, naona kila kitu. Kisha navua glovu namwambia: "Kinywa chako kimepata 69. Tuonane baada ya miezi sita." Bodi hiyohiyo ingeninyang'anya leseni kabla sijanawa mikono, na ingekuwa sahihi. Tulifundishwa kwamba mgonjwa ana haki ya kujua anaumwa nini, kwa lugha anayoielewa, kabla hujamgusa. Inaelekea haki hiyo huishia kwenye mlango wa chumba cha mtihani.

Utaambiwa wakitoa maelezo watavujisha siri za mtihani. Siri ipi? Kwamba kuta za jino zisilale kupita kiasi? Hiyo imo kwenye vitabu tangu babu zetu. Utaambiwa pia kwamba bodi nyingine zinajitahidi, na hilo ni kweli, nalisema nikisaga meno (naomba radhi kwa mzaha wa kazini). INBDE ya Marekani, mtihani wa nadharia wa leseni ya meno wenye maswali 500 kwa siku mbili, humwambia aliyefeli alama yake pamoja na mchanganuo wa maeneo aliyoyumba. Aliyefaulu ndiye asiyeambiwa alama. Yaani inawezekana. Kumbe si sheria ya maumbile.

Na uchoyo huu unaongezeka ukali pale majaribio yanapohesabiwa. ORE, mtihani wa Uingereza kwa madaktari wa meno waliosomea ng'ambo, inakupa majaribio manne kwa kila sehemu, basi. Kumnyima mtu sababu wakati unamhesabia risasi zilizobaki, sijui jina lake.

Ngoja nirudi kwa yule wa kinywa chake. Anadhani anayefeli hajui. Wakati mwingine ni hivyo. Lakini kuna mwenzangu aliyekosa swali baada ya swali la nadharia kwa sababu ya namba tu. Alisoma kwa mfumo unaoita gego la kwanza la juu kulia 16. Mtihani wake ulitumia ule wa Marekani unaohesabu 1 hadi 32, ambamo 16 ni gego la mwisho la juu kushoto. Namba moja, pande mbili za mdomo. Alijua kanuni ya ubadilishaji, angeweza kukuandikia ukutani. Ila saa ya tano ya mtihani kichwa hurudi kwenye lugha yake ya kwanza. Mimi mwenyewe nadharia ilinichukua mara mbili, na mojawapo ya maswali yaliyonipotea lilikuwa la ganzi: katriji ngapi (vile vichupa vya sindano) za lidokaini ya asilimia 2 kwa mgonjwa wa kilo kadhaa. Nilizoea katriji ya mililita 2.2, yenye miligramu 44. Swali lilikuwa na ile ya 1.8, yenye 36. Nilipiga hesabu safi kabisa ya chupa isiyokuwepo. Hilo nalistahili pia, usinionee huruma. Mgonjwa hajali umezoea nini.

Nilitoka vipi kwenye 70? Kuna mama mmoja, daktari mstaafu, aliyekuwa akipita pale kazini kuwasalimu watu wake. Siku moja alinikuta nimebaki na kichwa changu cha plastiki. Akavuta kigoda, akakaa nyuma yangu. Nikachonga taji. Nilipomaliza nikageuka kumwonyesha jino, hakulitazama.

"Mwanangu, wewe ni wa mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona umekaa kama wa kulia?"

Sikuelewa. Akaniambia nikae tena, nishike drili bila kuiwasha, nisisogee. Akachukua penseli na kuisimamisha kwenye jino, sambamba na ukuta nilioupa sura. Upande wa shavu penseli ilisimama wima, safi. Upande wa ulimi ikalala kama mlevi aliyeegemea ukuta. Kwa kuta kuinamiana, vitabu vinahubiri digrii 6. Pale palikuwa na nyingi kiasi kwamba taji lingetoka na pipi ya kwanza.

Shule nzima nilisoma kwenye viti vilivyopangiwa wa mkono wa kulia: trei kulia, waya za drili kulia, taa imeinamishwa kwa ajili yao. Nilijifunza kujikunja nifike. Shingo kulia, kiwiko juu, bega limepanda sikioni. Mwili ukazoea, nikasahau kwamba nimejikunja. Na kiwiko kikipanda, drili inalala kuelekea ulimi, kidogo tu, kila safari, jino baada ya jino, miezi saba mizima ya bidii.

"Jino unalichonga vizuri," akasema akinyanyuka. "Kiti ndicho kinachokufelisha." Ilimchukua dakika tano, na hakuwa na karatasi ya vigezo.

Sasa, sehemu nisiyoipenda. Nilipokuwa najaza fomu ya jaribio la nne nikaona, karibu na mwisho, kisanduku: mkono unaotumia. Kilikuwepo kwenye fomu zote. Mara tatu nilikiacha kitupu ili nisionekane msumbufu anayetaka kupangiwa meza yake. Kwa hiyo bodi nayo inaweza kuniandikia makala yake, na ingekuwa na aya moja nzuri ya kunisema. Iandike. Angalau nitakuwa nimepata maelezo.

Mengine nayataja kwa kupita. Ada za kurudia, hizo tuziache, daktari wangu wa shinikizo la damu amenikataza. Mtihani wa kutumia wagonjwa hai, ambamo kufaulu kwako kulitegemea kama mtu mwenye tundu la saizi inayotakiwa ataamka na kufika, nashukuru umekuwa ukipungua, na janga la korona mwaka 2020 liliusukuma zaidi kuelekea kwenye vichwa vya plastiki. Na wanaosema hakuna njia nyingine zaidi ya siku moja ya kufa na kupona waangalie jimbo la New York, ambalo tangu 2007 linataka mwaka wa mafunzo ya kazi chini ya uangalizi badala ya mtihani wa vitendo. Mwaka mzima wa mtu kukukalia nyuma kwenye kigoda. Ningepewa nafasi hiyo, shingo yangu ingegundulika kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Jaribio la nne nilikuta meza imepangwa upande wangu. Trei kushoto, taa kushoto. Mwanzoni nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta samani zimehamishwa, nikapapasa kifaa upande usiokuwa na kitu. Kisha nikashusha bega. Sikumbuki mengi ya saa zile isipokuwa kwamba kiwiko kilikuwa kimegusa ubavu muda wote. Niliporudi hotelini nikagundua shingo haiumi. Ilikuwa imeniuma tangu mwaka wa pili wa chuo. Nilidhani ndivyo shingo za madaktari wa meno zilivyo.

Barua ya nne ina mistari minne. HAJAFAULU imekuwa AMEFAULU, na alama hawakuandika. Nimeziweka zote nne kwenye bahasha moja, na juzi nilizitoa nikajaribu kuandika mstari wa sita kwa penseli, ule ambao ungepaswa kuwa kwenye barua ya pili. Ukuta wa upande wa ulimi umelala mno. Nimehesabu, ni maneno saba. Ningelia siku moja, kesho yake ningetafuta mtu wa kuniangalia nikiwa nimekaa.

Kwenye kundi nilijibu "Asante." Bila kikaragosi.