Cheti cha semina na mkono wa leba

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara, mbali na miji mikubwa, na imekuwa ikiwahudumia Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na majirani zao tangu 1955. Mwaka 2010 wahudumu wake wa leba walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kulia: umkaushe, umsugue mgongo, na akizidi kunyamaza umpe hewa kwa ambu bagi, ule mfuko wa kukamua hewa kwa mkono, kabla dakika moja haijaisha. Walipopimwa miezi kadhaa baadaye kwa kutumia mwanasesere wa mazoezi, walikuwa wamepiga hatua kubwa. Watafiti wakaingia leba kuangalia wanavyowahudumia watoto wenyewe. Huko maendeleo yale hayakuonekana.

Nayakumbuka matokeo hayo kila inapofika Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani. Mishumaa inawashwa, kiapo kinarudiwa, mgeni rasmi anasomewa risala. Hospitali nyingi za wilaya na za mashirika ya dini hutumia siku hiyo kuwatangaza wauguzi waliopanda kitaaluma: fulani amemaliza shahada, fulani amehudhuria mafunzo ya huduma kwa mtoto njiti, fulani amewasilisha utafiti kwenye kongamano. Shangwe hizo ni za haki. Muuguzi aliyejilipia ada ya chuo huku akiingia zamu za usiku na kulea anastahili vigelegele vya ukumbi mzima. Ila cheti kinaonyesha kwamba mtu alifundishwa, na mama aliyelala kitanda namba 4 anahitaji kitu cha ziada.

Haydom hawakuyaficha matokeo yale. Waliyachapisha, na kwangu huo ni ukomavu wa kitaaluma unaozidi tuzo nyingi. Kisha wakabadili namna ya kujifunza. Mwanasesere akawekwa jirani na leba, wahudumu wakawa wanajifua dakika 3 hadi 5 kila wiki katikati ya kazi, na mara moja kwa mwezi wanakaa na wenzao waliofundishwa kuwa wakufunzi kwa zoezi refu zaidi. Estomih Mduma, mtafiti wa Haydom, na wenzake walitoa taarifa mwaka 2015: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hakuna jengo jipya lililohitajika kwa hilo, wala daktari bingwa kutoka nje. Ni mkono uleule uliorudia jambo lilelile mpaka likakaa mwilini.

Msomaji makini atanisimamisha hapa, na ana haki. Hiyo ni hospitali moja, inalinganishwa na yenyewe ya mwaka uliotangulia, na pengine kuna jingine lililobadilika. Zaidi ya hapo, mafunzo ya aina hiyohiyo yalipopelekwa katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Kwa hiyo siwezi kusema semina haifai kitu. Ninachokiona ni kwamba semina ni mbegu, na mvua inayofuata hutofautiana sana kutoka wodi hadi wodi. Mpango uliokulia katika uzoefu wa Haydom ulikuja kusambazwa kwenye vituo 30 katika mikoa 5, na taarifa yake ya 2025 inasema vifo vya kina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75. Humo mlikuwa na vifaa, mlikuwa na takwimu zilizorudishwa kwa wahudumu wenyewe wazijadili, na mlikuwa na yale mazoezi mafupi ya mara kwa mara.

Upande wa pili wa mjadala huu hausemwi jukwaani sana. Unasemwa kwenye chumba cha chai. Muuguzi mmoja ana wodi nzima usiku, dripu tatu zinaisha kwa pamoja, ndugu wa mgonjwa wanamgombeza kwa dawa ambayo duka la hospitali halina, halafu asubuhi anaambiwa kuna mwongozo mpya na fomu mpya ya kujaza. Akisikia maneno "huduma inayozingatia ushahidi", yaani inayofuata yaliyothibitishwa na tafiti, anasikia mzigo mwingine. Anasikia pia mradi: watu wa magari meupe wanakuja, wanapima, wanapiga picha, wanaondoka, na vifaa vinaisha mwezi mmoja baada yao. Wauguzi wa Kenya waligoma karibu miezi mitano mwaka 2017 wakidai maslahi yao. Ukimwendea mtu wa namna hiyo na keki na fulana yenye maneno ya pongezi, usishangae akikutazama tu.

Naikubali hoja hiyo karibu yote. Ninapoachana nayo ni pale inaposema kwamba ushahidi ni anasa ya hospitali tajiri, kwamba kwanza watuongezee watu ndipo tuzungumzie utafiti. Mkunga aliye peke yake ndiye anayehitaji zaidi kujua lipi kati ya mambo kumi linaokoa maisha na lipi ni mazoea tu. Chukua damu inayotoka baada ya kujifungua. Kwa miaka mingi tumeikadiria kwa macho, kwa kutazama kitenge na shuka, na macho hudanganya: damu nyingi huonekana kidogo. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuwahusu wanawake zaidi ya 200,000, ulitumia mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo unaowekwa chini ya mama. Damu ikifika mstari, mkunga hafanyi jambo moja akasubiri: anasugua mfuko wa uzazi, anatoa dawa ya kuubana, anatoa dawa ya kuzuia damu, anaweka dripu, anachunguza chanzo na kuita msaada, yote kwa mfululizo bila kungoja. Kutokwa na damu kupita kiasi, na madhara yake makubwa yakiwemo kifo, kulipungua kwa asilimia 60.

Dawa zile zote zilikuwapo kabla. Kilichobadilika ni nani anajua mapema na anaruhusiwa kufanya nini. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, takriban nusu ya kina mama waliokuwa wanapoteza damu nyingi hawakutambuliwa. Kwenye utaratibu mpya walitambuliwa zaidi ya 9 kati ya 10. Aliyewatambua, mara nyingi, ni mkunga. Huyu ndiye ningependa tumwone jukwaani Mei 12, pamoja na daftari lake.

Kuna tahadhari moja, na wauguzi wetu wana haki ya kuishikilia: ushahidi wa watu wengine si lazima uwe wetu. Tafiti za Nepal, Bangladesh na Pakistani zilionyesha kwamba kupaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye kitovu cha mtoto kunapunguza vifo. Lilikuwa jambo rahisi, la bei nafuu, na kila mtu alitaka liwe kweli kila mahali. Lilipopimwa Pemba na Zambia, matokeo ya 2016 hayakuonyesha faida ya wazi upande wa vifo. Nafurahi kwamba Pemba ilipima badala ya kuitikia tu. Muuguzi anayeuliza "hili limejaribiwa wapi, kwa wagonjwa gani?" asiitwe mbishi kwenye kikao cha asubuhi. Swali lake ndilo taaluma yenyewe.

Linabaki jambo linaloniumiza kuliko yote. Muuguzi wetu akikua kitaaluma, mara nyingi anaondoka kitandani kwa mgonjwa. Akipata shahada anapelekwa ofisini, awe mratibu wa hiki au kile. Akipata ya uzamili anachukuliwa na shirika, au anakwenda kufundisha chuoni, au anapanda ndege. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi huko mwaka 2021. Simlaumu hata mmoja. Mtu ana watoto wa kusomesha, na muundo wa utumishi haumwonyeshi njia nyingine ya kupanda. Lakini matokeo yake ni kwamba hospitali ya wilaya inasherehekea kukua kwa mtu siku chache kabla ya kumpoteza, na leba inabaki na walioajiriwa mwezi uliopita.

Hospitali nyingi za Marekani, zikiwemo ndogo za kijamii, zina ngazi ambayo muuguzi huipanda akiwa bado wodini: anaongezewa cheo na malipo kwa ujuzi wake kitandani, kwa kuwafundisha wenzake, kwa kuongoza uboreshaji wa huduma. Fedha zao hatuna. Wazo hilo tunaweza kulichukua hata hivyo. Mkunga mwenye miaka 15 leba, ambaye wote humkimbilia damu isipokata, anaweza kutambuliwa kwa maandishi kuwa mkufunzi wa wodi, akapewa saa mbili kwa wiki zisizoingiliwa na zamu, na posho inayolingana. Baraza la Uuguzi na Ukunga tayari linataka mafunzo endelevu kwa anayehuisha leseni. Dakika tano za kila wiki za kujifua wodini, zikisainiwa, zihesabiwe pamoja na semina za hotelini. Najua wapo watakaosaini bila kujifua. Wapo pia wanaosaini mahudhurio ya semina asubuhi na kutoonekana tena hadi saa ya posho, na hatukuzifuta semina kwa ajili yao.

Nakubaliana na wanaotaka waajiriwe wauguzi zaidi kwanza, na tuendelee kulidai bila kuchoka. Wakati tunadai, kuna jambo la wiki hii. Katika hospitali zetu si ajabu kukuta mwanasesere wa mazoezi amefungiwa kabatini, ndani ya mfuko wake, kwa hofu ya kupotea, naye hutolewa wageni wakija. Atolewe, awekwe leba karibu na meza ya mtoto, na ufunguo wa chumba hicho awe nao mkunga wa zamu, saa nane usiku, wakati matroni amelala nyumbani kwake.